Fundi Alipwe kwa Kutafuta, si kwa Kufunga Spea Tu

Dereva wa bodaboda anabonyeza kitufe cha stata asubuhi, pikipiki kimya. Anabonyeza tena, kimya. Abiria keshakaa nyuma na begi lake mapajani, kwa hiyo dereva anashuka, anapiga kiki, injini inawaka, safari inaanza. Mchana anabonyeza kitufe kilekile na pikipiki inaitika papo hapo. Kesho yake inagoma mara mbili tatu, keshokutwa haigomi hata kidogo. Siku akiamua kuipeleka kwa fundi, pale mbele ya fundi inawaka kila inapobonyezwa.

Kinachofuata wanakijua madereva wa Mbagala, wa Mwanza na wa Kisumu. Fundi anasema betri imechoka. Inanunuliwa mpya, inafungwa, na kwa siku kadhaa pikipiki haisumbui. Kisha ugonjwa unarudi. Safari hii inalaumiwa rilei ya stata. Inabadilishwa, mambo yanatulia, halafu yanaanza upya. Baadaye ni kaboni za mota, kisha mota nzima, kisha CDI, ambayo kazi yake ni cheche ya plagi wala haihusiki na kuizungusha injini. Hela imekwisha na kitufe bado kinagoma kikitaka.

Hitilafu ya umeme inayokuja na kuondoka haitibiwi kwa kununua spea. Hutibiwa kwa kupima, na kupima ni kazi inayostahili malipo yake yenyewe. Maadamu fundi wa pikipiki halipwi chochote kwa saa aliyoitumia kutafuta, na hulipwa pale tu anapofunga kitu kipya, ataendelea kufunga vitu vipya. Hili si kosa la fundi peke yake. Ni makubaliano mabaya kati yake na wateja wake, na yanawaumiza wote wawili.

Betri mpya, kwa mfano, ilionekanaje kutibu? Ili kuitoa ya zamani, fundi alilegeza vichwa vya betri, akachomoa waya, akapangusa ule unga mweupe na kijani ulioganda pale, akarudisha na kukaza. Huenda tatizo zima lilikuwa kwenye ule unga au kwenye nati iliyolegea. Kilichotibu ni spana, sifa ikapewa betri. Vivyo hivyo kwa rilei: kuibadilisha kunalazimu kuchomoa soketi na kuichomeka upya, na vile vibati vya shaba vinaposuguana hujisafisha kidogo, vikashika kwa wiki moja. Kila spea inayobadilishwa hutikisa waya za jirani, na kila mtikiso huweza kuleta nafuu ya muda. Ndiyo maana kubahatisha hudumu: mara kwa mara huonekana kumefanikiwa, na nafuu ile huwafunga macho fundi na mteja kwa pamoja.

Mfumo wenyewe si mgumu kiasi cha kuwatisha watu. Stata ya pikipiki ina njia mbili za umeme. Njia ya kwanza ni nyembamba: hutoka kwenye betri, hupita fyuzi, swichi ya ufunguo, kitufe, hufika kwenye rilei na kurudi ethi, yaani upande hasi wa betri. Katika pikipiki nyingi njia hiyo hupitia pia swichi ya kluchi, ya gia huru, au ya stendi ya pembeni, ili injini isizungushwe gia ikiwa imeingia. Njia ya pili ni nene: hutoka betri, hupita ndani ya rilei, huingia kwenye mota, kisha hurudi betri kupitia bodi ya injini na waya wa ethi. Njia nyembamba hutoa amri. Njia nene hubeba mzigo.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi makini halihitaji hata kifaa. Ukibonyeza na pikipiki ikagoma, rilei inalia “tik” au hailii? Isipolia, hitilafu karibu daima iko kwenye njia ya amri: kitufe kichafu, swichi ya kluchi iliyolegea, waya uliokatikia ndani ya ngozi yake, fyuzi inayocheza kwenye kishikio. Ikilia lakini mota isizunguke, amri imefika na shida iko kwenye njia nene: betri, vichwa vyake, mdomo wa rilei ulioungua, kaboni zilizoisha, au ethi. Swali moja tu limegawa kazi katikati. Dereva anayejua jibu lake kabla hajafika gereji amemwokolea fundi nusu saa.

Wapo watakaosema: mbona honi inalia na indiketa zinawaka? Kama kuna umeme wa honi, utakosaje wa stata? Hapa ndipo wengi hupotea, na aliyelieleza jambo hili alikuwa mwalimu wa Kijerumani, Georg Simon Ohm, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1827. Umeme unaopotea njiani ni zao la mkondo na ukinzani. Taa ya breki ya wati 21 kwenye volti 12 hunywa ampea zisizofika mbili. Mota ya stata ya pikipiki ndogo hunywa makumi ya ampea, tuseme 60. Sasa weka kutu kidogo kwenye nati ya ethi, kutu yenye ukinzani wa omu 0.05 tu. Kwa taa, kinachopotea ni kama sehemu ya kumi ya volti, na hakuna jicho litakalogundua. Kwa stata, 60 mara 0.05 ni volti 3 zinazoishia kwenye kutu. Betri nayo ikibebeshwa mzigo huo hushuka kidogo, na mota inajikuta na volti 8 au pungufu. Ni kama bomba lililobanwa: kikombe kitajaa bila wasiwasi, pipa ndilo litakalokuonyesha kwamba kuna tatizo.

Na kwa kuwa kutu ile haikai vilevile, leo nati imeshika kwa upande huu, kesho mtikiso wa barabara umeisogeza upande ule, injini ikipata moto chuma kinatanuka, usiku kinasinyaa, ndipo tatizo linakuwa na siku zake.

Njia ya kuikamata ni hii, na inafaa kuitazama kwa karibu. Fundi anaweka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi anaigusisha kwenye risasi yenyewe ya kichwa hasi cha betri, si kwenye nati wala kwenye waya. Ncha nyekundu anaibana kwenye chuma tupu cha bodi ya injini, mahali pasipo rangi. Mwenzake anabonyeza stata. Kama ethi ni nzima, mita itasoma karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, kuna kizuizi. Tuseme imesoma 2.4. Sasa ncha nyekundu inarudishwa nyuma hatua kwa hatua, na kitufe kinabonyezwa kila mara: kutoka bodi ya injini kwenda kwenye nati iliyoshika waya wa ethi, bado 2.4, kwenye kichwa cha waya kilichobanwa chini ya nati hiyo, 0.1. Imekamatwa. Kizuizi kiko kati ya kichwa cha waya na nati, kwenye sehemu isiyozidi unene wa ukucha. Nati inafunguliwa, msasa unapitishwa mpaka chuma king'ae, grisi kidogo inapakwa, nati inakazwa. Hakuna kilichonunuliwa.

Mtindo huohuo hutumika upande wa chanya, na kwenye betri yenyewe. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 ikiwa imetulia. Kipimo hicho peke yake hakitoshi kabisa, maana betri iliyokufa ndani huweza kusoma 12.5 ikiwa imelala na kuanguka hadi 7 inapobebeshwa mzigo. Inatakiwa kupimwa stata ikibonyezwa. Ikishuka chini ya volti 9.5 hivi, betri ni dhaifu au haina chaji. Kisha injini ikiwaka na kupandishwa resi, vichwa vya betri vinapaswa kusoma kati ya 13.5 na 14.5. Visipofika hapo, betri mpya nayo itaishiwa chaji baada ya siku chache, kwa sababu mgonjwa ni mfumo wa kuchaji. Na betri nyingi za pikipiki huuzwa kavu, zikamiminiwa asidi dukani na kufungwa papo hapo bila kuchajiwa kwanza. Betri ya namna hiyo huanza kazi ikiwa haijajaa, na dereva hulaumu kampuni iliyoitengeneza.

Mita nayo isiaminiwe kipofu. Waya uliokatika nyuzi karibu zote ndani ukabaki unyuzi mmoja bado utaonyesha volti 12 kwenye mita, kwa sababu mita hainywi umeme wa maana. Mzigo ukiingia, unyuzi ule hauwezi. Kwa hiyo mafundi wazoefu hupenda taa ya kupimia: balbu ya indiketa iliyounganishwa na waya mbili. Balbu hunywa umeme kweli. Ikiwaka hafifu mahali pa kuwaka sana, imesema kitu ambacho mita ilikificha. Taa hiyo hiyo, ikiunganishwa kwenye waya unaoshukiwa huku fundi akitikisatikisa mkungu wa waya kutoka tanki hadi kwenye shingo ya usukani, humkamatisha hitilafu isiyotaka kuonekana. Shingo hasa. Pale waya hupindwa kila kona, maelfu ya mara, na nyingi hukatikia ndani ngozi ikiwa nzima.

Udhaifu huu wa njia ya umeme una umri sawa na stata yenyewe. Mwaka 1912 gari la Cadillac lilitoka na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, mhandisi ambaye kabla ya hapo alikuwa ameweka mota ya umeme kwenye mashine za kuhesabia fedha dukani. Aliona kwamba mota ndogo huweza kutoa nguvu kubwa mradi ifanye kazi kwa sekunde chache tu. Miaka miwili baadaye kampuni ya pikipiki ya Indian, Marekani, ikaleta Hendee Special, pikipiki yenye stata ya umeme. Mota ilikuwa sawa. Betri za wakati ule hazikuweza kuilisha, na mtindo ule ukaondolewa sokoni upesi. Mwaka 1975 Waingereza wa Norton wakafunga stata kwenye Commando Mk III, nayo ikapata sifa mbaya ya kusaidia kiki badala ya kuichukulia nafasi. Sehemu ya tiba waliyoigundua wamiliki wake ilikuwa kubadilisha waya za betri na kuweka nene zaidi. Zaidi ya miaka sitini kati ya pikipiki hizo mbili, na bado kazi ilikwamia kwenye kuufikisha umeme kwa mota.

Mazingira ya Afrika Mashariki yanaongeza yake. Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, hewa ya chumvi huingia ndani ya soketi na kuigeuza shaba kuwa kijani. Bara ni vumbi, kisha mvua. Mahali pa kuoshea pikipiki, mpira wa maji ya kasi huelekezwa chini ya tanki na kwenye kitufe cha usukani, na maji hubaki ndani ya soketi siku nzima. Kisha yako mapambo: taa za ziada, chaja ya simu, spika, alamu, na kwa pikipiki za mkopo, kifaa cha kuifuatilia ilipo. Kila kimoja hufungwa kwa kuchuna waya wa awali, kuzungusha mwingine juu yake na kuviringisha tepu nyeusi. Jua likipiga, gundi ya tepu huyeyuka, viungo vikabaki wazi. Fundi anayeanza uchunguzi kwa kufungua maungio yote ya aina hiyo, hata kabla hajashika mita, hajapoteza muda.

Tabia moja ya gereji inatakiwa ikome leo: fyuzi iliyoungua kuzibwa kwa kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi huungua kwa sababu. Ukiizuia isiungue, kitakachoungua ni mkungu wa waya chini ya tanki la petroli. Ile tabia ya kuunganisha nati mbili za rilei kwa bisibisi ili mota izunguke ina maana yake kama kipimo, maana mota ikizunguka vizuri hivyo, basi betri, ethi na mota zimeondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Lakini inarusha cheche. Gia lazima iwe huru, na pasiwe na harufu yoyote ya petroli karibu.

Haya yote mafundi wengi wanayajua, au wangeyajua wakifundishwa kwa mchana mmoja. Kinachowazuia wasiyafanye ni namna wanavyolipwa. Fundi aliyekaa saa nzima na mita, akagundua nati ya ethi, akaikaza na kuomba malipo, huambiwa: “Yaani kukaza nati tu, fundi?” Aliyefunga mota mpya kwa dakika ishirini hulipwa bila ubishi, kwa sababu kuna kitu kipya kinachoonekana, na pengine duka la spea aliloelekeza mteja litamkumbuka jioni. Mteja yuleyule anayelalamika kwamba mafundi wanabahatisha ndiye anayekataa kuilipia kazi ya kutobahatisha.

Nalo duka lina kanuni yake, mara nyingi imechapwa kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa vifaa vya umeme kanuni hiyo hushikiliwa zaidi, na muuzaji ana sababu, kwa kuwa CDI au rilei huweza kuunguzwa mara inapofungwa vibaya. Matokeo yake ni kwamba gharama ya kila ubahatishaji inamwangukia mtu mmoja: dereva. Dereva wa mkataba ana hesabu ya kupeleka kwa bosi jioni, na matengenezo madogo mara nyingi ni juu yake. Siku ambayo pikipiki imeshinda gereji, hesabu haipungui.

Kuna utetezi wa fundi wa kubahatisha, na unastahili kujibiwa kwa heshima. Mafundi hao wanasema mteja ana haraka, hataki kuiacha pikipiki. Na kwamba uzoefu umewafundisha kuwa mara nyingi ni betri kweli. Ni sawa: betri za pikipiki zinazoshinda barabarani hufa, na fundi aliyeona mamia ana haki ya kushuku betri kwanza. Lakini kushuku si kuthibitisha, na kuthibitisha betri huchukua muda mfupi kuliko kuifungua. Kuhusu haraka, hakuna anayepoteza muda mwingi kuliko dereva anayerudi gereji mara ya nne kwa ugonjwa uleule.

Basi malipo ya kutafuta yawe na bei yake, itajwe kabla spana haijashikwa, na ilipwe hata kama dawa imekuwa msasa na nati. Akipendekeza spea, fundi amwonyeshe mteja kipimo kilichomfikisha hapo, kwa macho, kitufe kikiwa kimebonyezwa. Wamiliki wanaotoa pikipiki kwa mkataba wakubali kuchangia malipo hayo, kwa kuwa mota iliyobadilishwa bure ni hasara kwao pia. Vyama vya bodaboda, ambavyo tayari huchangishana kwa ajali na misiba, vinaweza kununua mita moja kwa kila kijiwe. Mita ndogo ya kidijitali huuzwa kwa bei iliyo chini ya kujaza tanki la pikipiki ya Boxer.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Hapo ndipo mahali pa kusisitiza upimaji wa umeme chini ya mzigo. Fundi wa pikipiki asipewe cheti kwa kufunga na kufungua tu. Apewe pikipiki iliyotegewa hitilafu ya ethi, mita na balbu, aambiwe aitafute bila kununua kitu.

Dereva naye ana sehemu yake, na haigharimu hata senti. Kila pikipiki inapogoma, aandike kwenye simu: injini ilikuwa ya moto au ya baridi? Ilikuwa imetoka kuoshwa? Rilei ililia? Taa za dashibodi zilififia alipobonyeza, au zilibaki vilevile? Usukani ulikuwa umekatwa upande gani? Taa zikififia sana na mota isizunguke, betri au vichwa vyake vinajitaja. Zikibaki vilevile na rilei ikalia, mzigo haufiki kwenye mota kabisa. Ikigoma usukani ukiwa umekatwa kulia na kukubali ukinyooshwa, waya wa shingoni umekatika, na fundi ataanzia hapo badala ya kuanzia dukani. Pia, badala ya kukimbilia kiki kila inapogoma, angalau mara moja aiache ikiwa imegoma na kumwita fundi aje na mita, kwa sababu hitilafu hupimika ikiwa ipo.

Suala hili la kupima linazidi kuwa la haraka. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazosajiliwa kwa biashara ya abiria zinatakiwa ziwe za umeme, na Nairobi na Dar es Salaam za aina hiyo zinaongezeka barabarani. Pikipiki ya umeme haina kiki. Soketi ikishika kutu au waya ukakatikia shingoni, hakuna njia ya kuiwasha kwa mguu, na spea zake, betri hasa, si za bei ya kujaribia. Fundi aliyezoea kufuata volti kutoka nati hadi nati atahamia kwenye pikipiki hizo akiongeza tu masomo ya usalama na ya vifaa vipya. Aliyezoea kubadilisha mpaka ipone atahitaji mteja mwenye fedha nyingi sana, na kwenye vijiwe vya bodaboda mteja huyo hayupo.